Kusoma Kiingereza chuo kikuu: maswali ninayoulizwa kila Julai hapa Kigoma

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, benchi la barazani kwangu hapa Mwanga halipoi. Wanakuja vijana wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (historia, jiografia na Kiingereza), wanakuja wazazi wao, na mara nyingine anakuja mjomba aliyetumwa na ukoo "akaulize vizuri kwa mwalimu". Mimi nafundisha Kiingereza na Kiswahili sekondari, na masomo hayo mawili ndiyo niliyosomea chuoni. Sekondari nilisoma Tabora, kwa hiyo wa huko nao hunipigia. Maswali ni yale yale kila mwaka, nikaona niyaandike mara moja, ili anayekuja barazani aje na jipya.

Kiingereza nimekisoma tangu shule ya msingi. Chuoni watanifundisha nini tena kwa miaka mitatu?

Anayeuliza hivi ameuliza la maana kuliko wenzake wote. Kuongea Kiingereza chuo wanachukulia umekuja nako. Unachokwenda kusomea ni lugha yenyewe, ilivyoundwa na inavyofanya kazi midomoni na vitabuni. Dereva wa Hiace ya Ujiji anaweza kukufikisha salama miaka yote bila kujua ndani ya gia boksi kuna nini. Wewe unakwenda kuwa fundi.

Mfano wa hapa hapa. Mwaka 1871, Ujiji, mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone baada ya miezi ya kumtafuta, na sentensi anayosema aliitamka siku hiyo imezunguka dunia: "Dr Livingstone, I presume?" Kuitafsiri hata mtoto wa darasa la saba anaweza. Mwanafunzi wa chuo anaulizwa mengine. Kwa nini kitenzi hicho, "presume" (kudhani), na si kingine chepesi cha kila siku? Ni kitenzi cha koti na tai, cha mtu anayekutana na asiyetambulishwa kwake, naye hataki kuonekana ana haraka. Kwa nini kimewekwa mwishoni, taarifa ikageuka swali huku maneno yenyewe hayana muundo wa swali? Na kwa nini wasomaji wa Uingereza waliyacheka maneno hayo? Kwa sababu ni adabu ya sebuleni London iliyoletwa ikasimamishwa juani katikati ya soko. Sasa linganisha na sisi. Mha aliyesafiri miezi yote hiyo kumtafuta mtu angeanza na "mwakeye", akauliza habari za safari, za nyumbani, za mvua, na jina angelifikia baadaye sana.

Halafu anaingia mhadhiri wa fasihi na kumwaga mchanga kwenye kitumbua: je, Stanley aliyasema kweli? Kurasa za siku hiyo katika shajara yake zilichanwa, na Livingstone alipoeleza mkutano huo hakuyataja maneno hayo. Kwa hiyo sentensi moja fupi, ya mtaa wa jirani, imekupitisha pragmatiki (maana kulingana na mazingira), sintaksia (muundo wa sentensi) na uhakiki wa matini. Kama hapa umeanza kusinzia, kozi hii itakuchosha. Kama umejikuta unarudia ile sentensi mdomoni, endelea kusoma.

Isimu na fasihi zinatofautianaje? Nichague ipi?

Fasihi unaijua: riwaya, tamthiliya, mashairi, na namna ya kuvihakiki. Utamkuta Shakespeare, aliyeishi 1564 hadi 1616, na utawakuta waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza.

Isimu ndiyo inayowashangaza watu, kwa kuwa shuleni huitwa sarufi tu kisha ikaachwa hapo. Inaangalia sauti (fonetiki na fonolojia), maneno yanavyojengwa (mofolojia), sentensi (sintaksia), maana (semantiki), na lugha katika jamii (isimujamii). Mimi ilinikamata kwa neno la barabarani. Waingereza waliandika "keep left" kwenye mzunguko wa magari. Sisi tukasikia kipilefti, tukaona mbele kuna ki-, tukaliingiza neno kwenye ngeli moja na kiti na kitabu. Vikiwa viwili ni vipilefti. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Hata kitabu chenyewe kilikuja hivyo hivyo kutoka Kiarabu, nacho tukakipa vi- kwenye wingi bila kumuuliza mtu.

Na Kiingereza kilifanyiwa yale yale. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walileta Kifaransa chao. Ndiyo maana ng'ombe akiwa zizini ni cow, la wenyeji, na akishafika mezani ni beef, lililotoka kwa mabwana. Nguruwe naye ni pig na pork. Ukiwaeleza vijana wa kidato cha pili hili, wanaacha kulalamika kwamba Kiingereza kina maneno mengi bure.

Kuchagua si lazima mwanzoni. Vyuo vingi vinakupitisha kote kote mwaka wa kwanza. Kuna vyuo ambavyo lugha na fasihi ni idara mbili tofauti, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo soma jina la programu kwa makini kabla ya kubonyeza.

Nimeona vyuo vya nje vinaandika "meja" na "maina". Huku kwetu vipo?

Ukilisema neno meja hapa mjini watu watadhani una ndugu jeshini. Meja ni somo kuu la shahada yako, maina ni la pembeni unalolisoma kwa kiasi kidogo. Marekani shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Meja huchukua kama 30 hadi 40 kati ya hizo, maina 15 hadi 20 hivi, na mwanafunzi anaweza kuingia bila kuchagua, akaamua mwaka wa pili.

Sisi tunachaguliwa kuingia programu tangu siku ya kwanza. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360 au zaidi, ila usizipige hesabu na za Wamarekani, maana kipimo si kimoja. Ukienda shahada ya sanaa na elimu unachukua masomo mawili ya kufundishia, yakaribiane uzito, pamoja na kozi za ualimu. Kwa hiyo hapa hakuna atakayekuuliza meja yako. Atakuuliza, "Unafundisha masomo gani?" Ukienda shahada ya sanaa isiyo ya ualimu, unaweza kukibeba Kiingereza peke yake au ukakichanganya na kingine. Huko ndiko kuna kitu kinachokaribia meja na maina, ingawa kila chuo kina majina yake.

Ufaulu gani unatakiwa?

Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha, na C yenye E inakufikisha. Kufika mlangoni na kuingia ni mambo mawili, lakini. Programu ya Kiingereza itataka mojawapo ya pasi hizo iwe ya Kiingereza, na panapokuwa na ushindani mwenye B anapita mbele ya mwenye D. Michepuo inayoleta wengi ni HKL, HGL na KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa).

TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka. Kipakue, usome ukurasa wa programu yako, usitegemee picha iliyokatwa kwenye grupu la WhatsApp. Nimemwona kijana wa Kasulu akilia juu ya sharti ambalo lilikuwa la mwaka wa nyuma yake.

Nimesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Je?

Kwa ualimu wa Kiingereza, njia ni nyembamba sana. Tafuta kinachofanana na ulichofaulu, Kiingereza ukisome kwa mapenzi. Hakuna anayekuzuia.

Nina diploma ya ualimu. Naweza kuendelea?

Ndiyo. Wengi wanaotoka vyuo vya ualimu kama Kasulu na Tabora hufanya hivyo wakiwa tayari kazini. Kiwango cha chini cha kuingilia shahada kwa diploma ni GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0. Nitasema na jambo ambalo waliotoka kidato cha sita hawapendi kulisikia: mwenye diploma aliyesimama mbele ya darasa la watoto 90 miaka minne huwa anaelewa kozi za ualimu kuliko wao, na huwa nyuma kidogo kwenye fasihi. Kaeni meza moja, mpeane.

Kuna chuo karibu, au lazima Dar?

Tabora mna AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino) ya Mwanza, chenye mizizi mirefu kwenye ualimu. Kigoma na Tabora zote zina vituo vya Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambapo unasoma ukiwa nyumbani na kufanyia mitihani mkoani. Mbali zaidi kuna SAUT yenyewe, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyuo vyake vishiriki vya elimu: DUCE pale Chang'ombe na Mkwawa, Iringa.

Huria ninaiheshimu, lakini niwe mkweli kwa anayetaka kusoma lugha: Kiingereza kinataka watu. Kinataka semina, ubishi wa korido, mtu wa kukukosoa ukitamka vibaya. Ukisoma Huria ukiwa Kibondo, jitafutie hao watu. Walimu wawili wa shule ya jirani wanatosha, mkutane Jumamosi na tamthiliya moja mkononi.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga na nina lafudhi nzito ya Kiha. Watanicheka?

Watakucheka. Mimi nilichekwa.

Semina yangu ya kwanza nilisimama kueleza shairi la mapenzi lenye neno "heart". Nikalitamka kama tunavyolitamka wengi. Jamaa aliyekaa nyuma akauliza kwa sauti, "Samahani, shairi hili ni la moyo au la kofia?" Ukumbi ukavunjika mbavu, mhadhiri naye akageukia ubaoni mabega yakimtetemeka. Nikaitwa Kofia mpaka mahafali.

Mwaka wa pili, kwenye fonolojia, ndipo nilipojua kilichonipata. Andika maneno haya manne ya Kiingereza mstari mmoja: hat, hut, heart, hurt. Kofia, kibanda, moyo, kuumiza. Mwingereza wa matamshi yanayofundishwa vyuoni ana irabu nne tofauti hapo. Kwa jumla hesabu ya irabu zake, pamoja na zile zinazounganishwa mbili mbili, hufika kama 20. Kiswahili kina irabu 5. Eneo lote hilo la mdomo sisi tumeweka "a" moja, inatutosha kwa baba, kwa kaka na kwa karanga. Kwa hiyo maneno yote manne yanaingia mlango mmoja. Masikio yangu yalikuwa mazima. Yalikuwa yanapanga sauti kwenye makabati matano yaliyokuwepo.

Wanafunzi wangu wa huku wana na lao: r na l zinahamahama, kulala kunakuwa kurara. Ikifika Kiingereza, "rice" (wali) na "lice" (chawa) zinakuwa majirani wa karibu mno, na hutaki mgeni akuelewe vibaya unapomkaribisha wali. Dawa yake ni ndogo: weka simu mbele, rekodi maneno kumi kumi kwa jozi, jisikilize, rudia. Wiki sita zinatosha kukutoa aibu. Hakuna sababu ya kutafuta lafudhi ya Mwingereza; tafuta kueleweka. Kuna mhadhiri mmoja aliyenifundisha, Kisukuma kilikuwa kimemjaa kinywani, na ukumbi wake haukuwa na kiti kitupu.

Kinachowaangusha watu ni kuandika. Chuoni mzigo ni insha, na kwenye vyuo vingi kazi za muhula ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Mtu mwenye matamshi matamu asiyejua kupanga aya anapata sapu, mtihani wa marudio. Akiendelea kutegemea madesa (notsi za wengine) ya mwaka jana, anadisco, yaani anaondolewa chuoni.

Nikiunganishe na somo gani?

Hapa ndipo ninapogombana na wazazi. Wengi wanataka Kiingereza na historia kwa kuwa ndivyo walivyomwona mtoto wa jirani. Historia ni somo tamu, lakini foleni ya walimu wake ni ndefu kama ya treni ya kwenda Dar siku za sikukuu. Jiografia inakusaidia zaidi mashuleni.

Kiswahili nilichukua mimi na sijajuta. Sababu si uzalendo. Ukizisoma isimu za lugha mbili kwa pamoja, kila moja inaimulika nyenzake. Unaelewa kwa nini mwanafunzi wako anaandika "he she", anatafuta neno moja la "yeye" ambalo Kiingereza hakina. Na ukitaka kuwa mfasiri, upande mmoja pekee haukufikishi popote.

Lakini ningekuwa na miaka 19 leo, nikiwa Kigoma, ningechukua Kiingereza na Kifaransa. Tazama mahali tulipo. Meli na maboti yanatoka hapa kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kongo nzima inafanya ofisi zake kwa Kifaransa, na tangu 2022 imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi Kifaransa ni lugha rasmi, na Kirundi na Kiha ni kama mtu na mdogo wake. Kijana wa Buhigwe mwenye Kiha, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa ana funguo nne za milango ambayo mtu wa Dar anasimama nje anabisha. Taabu ni kwamba shule zenye KLF ni chache. Kama Kifaransa hukukipata sekondari, uliza kama chuo chako kinakifundisha kwa wanaoanza.

Kazi zipo? Msinifiche.

Ualimu kwanza, kwa kuwa ndiko wengi wanakoelekea. Serikalini unaomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na siku hizi walimu nao wanafanyiwa usaili, kwa hiyo cheti peke yake hakikubebi. Wapo wahitimu wa sanaa waliokaa miaka wakisubiri. Usidanganywe na anayesema mwalimu wa Kiingereza hakosi kazi.

Shule binafsi zinaajiri, hasa za mchepuo wa Kiingereza. Watakuita ufundishe kipindi kimoja wakiwa wamekaa nyuma. Nilianzia shule ya aina hiyo, siitaji jina, yenye geti zuri na sare nzuri. Mwezi wa kwanza nililipwa. Wa pili nikaambiwa nivumilie. Ulipofika wa nne nilikuwa nakula kwa mama ntilie kwa daftari la deni, nafundisha watoto wa watu "simple present". Soma mkataba kabla ya kusifia geti.

Tafsiri na ukalimani ndiyo sehemu inayosahaulika. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zetu kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kuna mlima wa karatasi unaotaka mtu anayejua pande zote mbili. Mkalimani na mfasiri wa kazi rasmi hupitia BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Huku kwetu kumekuwa na kambi za wakimbizi, Nyarugusu ya Kasulu tangu 1996 na Nduta ya Kibondo, ambako mashirika yamekuwa yakitafuta wakalimani. Ni kazi nzito. Unakaa kati ya mama anayeeleza yaliyompata na mtu anayeandika fomu, na huruhusiwi kupunguza wala kuongeza neno. Usijenge maisha yako yote juu ya kambi, maana nia ya kila mtu ni kwamba wakimbizi warudi kwao.

Halafu kuna hifadhi za Gombe na Mahale. Utafiti wa sokwe Gombe ulianza na Jane Goodall mwaka 1960 na haujakatika. Wageni wanakuja, watafiti wanakuja, ripoti zinaandikwa kwa Kiingereza. Pia redio, uhariri, mapokezi ya hoteli, ofisi za meli. Kwenye tangazo la kazi hizi hutaona limeandikwa "shahada ya Kiingereza". Utaona "awe na uwezo mzuri wa kuandika". Ni wewe huyo.

Mkopo je?

Unaomba kwa mtandao Bodi ya Mikopo, dirisha likiwa wazi, nyaraka zikiwa zimethibitishwa. Anza kutafuta vyeti vya kuzaliwa mapema, na cha kifo kama mzazi amefariki, maana RITA, wakala wa vyeti hivyo, nako kuna foleni yake. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Bumu, yaani fedha ya mkopo, likiingia, nunua kamusi kabla ya viatu. Najua hutanisikia.

Simu yangu inatafsiri kila kitu sasa. Shahada ya lugha ina maana gani?

Mashine zimekuwa hodari, sibishi. Barua ya kuomba ruhusa itakuandikia vizuri kuliko wengi. Ijaribu simu yako kwa neno moja: "pole". Kiingereza chake itaweka "sorry". Mwambie hivyo mgeni aliyeteleza ngazini Kibirizi, atashangaa kwa nini unaomba msamaha wakati si wewe uliyemsukuma. Mwalimu wa lugha anajua hapo pana shimo na anajua la kufanya.

Na mfasiri anaweza kuulizwa. Hakimu akisema, "Kwa nini umetumia neno hili?", awepo wa kusimama na kujibu.

Kwenye insha za chuo usiipe mashine ikuandikie. Mhadhiri aliyesoma insha zenu za mkono kwenye mtihani anaijua sauti ya kila mtu kufikia mwezi wa pili.

Naweza kwenda nje?

Kwa vyuo vya Uingereza na vingine vingi utaombwa mtihani kama IELTS, wenye alama za juu kabisa 9, na matokeo yake hutumika miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Kwa miaka mingi pia kumekuwa na nafasi za Fulbright za wasaidizi wa kufundisha lugha: Mtanzania anakwenda chuo cha Marekani kufundisha Kiswahili huku naye akisoma. Waliokuwa wakipendelewa ni walimu wa lugha. Ndiyo, unaisoma lugha yao hapa ili ukafundishe yako kule.

Kusoma Kiingereza si kasumba?

Aliniuliza hivi mzee mmoja wa Ujiji, kwa ukali, na nilimjibu taratibu kwa kuwa ana umri wa baba yangu.

Nilimkumbusha Mwalimu Nyerere. Alisoma Tabora, akarudi kufundisha Tabora, na akiwa kiongozi wa nchi, pamoja na shughuli zote hizo, alikaa akamtafsiri Shakespeare. Tamthiliya ya Kaizari ilitoka 1963, na mwaka 1969 ikatoka ile ya mfanyabiashara wa Venisi. Tazama alivyoiita: "Mabepari wa Venisi". Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja, tena neno lisilo na lawama. Nyerere akaweka wingi, na akachagua neno lenye makali, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Je, ni kosa la tafsiri au ni hoja? Nimeona darasa likipiga kelele saa nzima juu ya neno hilo moja. Mtu aliyetekwa na lugha ya wengine haichezei hivyo.

Abdulrazak Gurnah naye ni mtoto wa Zanzibar, anaandika kwa Kiingereza, Kiswahili kikiwa kimejaa humo ndani, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha nikamwongezea la mtaani kwake. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, siku ile Ujiji mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. "Good morning, sir," alimwambia, kabla Mzungu hajamwona Mzungu mwenzake. Sentensi yake haikuchongwa kwenye jiwe lolote. Mzee alicheka, akasema hilo hajawahi kuambiwa.

Nifanye nini kuanzia sasa mpaka chuo kifunguliwe?

Soma riwaya mbili za Kiingereza mpaka mwisho, zozote, hata za mapenzi. Andika ukurasa mmoja kwa siku kuhusu ulichokiona: sokoni, mwaloni, stesheni. Tafsiri habari moja ya redio kila jioni, uiache, kesho yake uirudishe Kiswahili bila kuangalia ya kwanza, halafu linganisha. Zoezi hilo la mwisho limewasaidia wanafunzi wangu kuliko tyusheni yoyote. Na mchana usaidie kuanua dagaa, tafadhali, wasije nyumbani wakasema mwalimu ndiye aliyekuharibu.

Baba yangu ni mvuvi Katonga. Nikimwambia nakwenda kusomea Kiingereza anasema, "Si unakijua tayari?" Nimwambieje?

Usimweleze isimu. Muulize yeye. Muulize nyavu zake zinaitwaje moja moja, upepo wa asubuhi na wa usiku unaitwaje, dagaa akiwa mbichi, akiwa amekauka, akiwa amelowa mvua anaitwaje, na nani alimfundisha. Mwandikie mbele yake kila anachotaja. Kisha mwambie, "Baba, nakwenda kuiuliza lugha ya watu wengine maswali haya haya."

Msichana mmoja aliyekaa kwenye benchi langu mwaka juzi alifanya hivyo. Mzee alitaja majina mpaka chai ikapoa, daftari likafika ukurasa wa tatu, akasahau hata taa za karabai alizokuwa anazifuta. Alipomaliza akamtazama binti yake, akamuuliza, "Sasa hao Waingereza, dagaa wanamwitaje?"

Hakuwa na jibu. Yuko mwaka wa pili sasa, na likizo iliyopita alinipitia barazani akaniambia bado baba yake anamdai.